Jina Nililolikata

Unguja

Kwa babangu mpenzi, Maalim Omari, Mkomani, Amu.

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa, na mama magoti yakimruhusu kupanda ngazi. Mimi mwili u mzima. Moyo ndio ulionifanya nikawie kuandika.

Baba, Bwana Shee, mwenye duka ninaposhonea, aligombea kiti cha mtaa wetu. Fomu yake ilitaka wadhamini. Kwa kuwa nimekaa nti hii miaka ya kutosha na nimeandikishwa kura, nilitia sahihi pamoja na shemeji yake, Maulidi. Tulidhani ni jambo la karatasi tu.

Ijumaa watu wenye fimbo walimngoja Maulidi kwenye ndia ya sokoni. Walimpiga mchana kweupe, watu wakitazama. Kesho yake wawili wakaja kwenye cherehani yangu. Mmoja akaishika kanzu niliyokuwa nikiishona, akasema kwa upole, "Fundi, jina lako tumelisoma. Kesho tusilikute."

Nilikwenda ofisi ya uchaguzi. Karani akaniuliza, "Kuna mtu aliyekulazimisha?"

"Hapana," nikasema. "Nimebadili rai tu."

Akalikata jina langu. Nje niliwakuta wadhamini wengine watatu wakingoja zamu, kila mmoja akiangalia viatu vyake.

Fomu ya Bwana Shee ikapungukiwa majina, ikakataliwa. Siku ya kura mitaa mingine ilipanga foleni. Sisi tulishinda kazini, maana mpinzani wa Bwana Shee alibaki peke yake, akapita. Ni mtu mpole, sijamwona na fimbo. Hunisalimia kila asubuhi. Na wale waliokuwa wakisema watagombea safari ijayo, sasa hawalitaji tena jambo hilo, hata kwenye kahawa.

Bwana Shee hakunilaumu. Alinipa vitambaa kama kawaida, akasema, "Una watoto, Salim." Angalinitukana ningalipata nafuu.

Juzi nilimpelekea Maulidi uji hospitali. Macho yote yamefungwa bandeji. Jicho moja halitaona tena. Akauliza, "Nani huyo?" Nikamwekea bakuli mkononi, nikatoka bila kujibu.

Niombee, baba, wala usimsomee mama haya. Nisalimie ami yangu mwashi, shangazi Bi Khadija, na mke wangu. Wanangu wabusu vipaji vya nyuso.

Ni mimi mwanao, mwenye haya mbele yako,
Salim