Ukuta wa Ndizi Kwenye Tela la Kijiji

Mama yangu, uliyelala kaburini Matombo,

Shikamoo. Leo nina maringo, na sina wa kumringia ila wewe.

Unalikumbuka trekta la kijiji, enzi za Ujamaa, na lile tela lililopiga kelele kuliko injini? Wewe ndiye uliyepanga kazi za shamba la pamoja: nani alime, nani abebe, mzigo upi utangulie. Siku ile tela lilikuwa limeshajaa mikungu ya ndizi za kijiji, mara ikaja habari kwamba mama mdogo Yusta, mdogo wako wa mwisho, ameshikwa na uchungu na hali yake si nzuri. Ilikuwa lazima afike hospitali ya misheni. Wingu lilikuwa limeshaifunika milima, na sote tulijua kwamba mto ukijaa trekta halitarudi kuchukua watu mara ya pili.

Bibi, mama yenu, lazima aende, kwa kuwa Yusta alimng'ang'ania mkono. Kasiani, mume wa Yusta, lazima aende, maana huenda angetakiwa kutoa damu. Lakini mkwe na mama mkwe wake, ambao kwa mila yetu hawatazamani usoni, wakae tela moja, magoti yakigusana? Bibi alijifunika kanga usoni akarudi nyuma. Kasiani naye akaigeukia migomba, akaitazama kana kwamba hajawahi kuiona. Yusta analia, na wao wanaoneana haya! Nilitamani kuwazaba makofi wote wawili.

Wanaume wakaanza kushusha ndizi ili ipatikane nafasi. Ukapaza sauti: "Ndizi zisiguswe! Ndizi nazo zina kazi."

Ukawaambia waisimamishe mikungu katikati ya tela, kutoka mbele hadi nyuma, wapandishe mingine juu yake mpaka ipite kichwa cha mtu aliyeketi. Upande huu Yusta na Bibi, upande ule Kasiani peke yake.

"Haya, nani anamwona nani?" ukauliza.

Bibi akajibu kutoka nyuma ya ndizi, "Mie namwona Yusta tu. Twendeni!"

Ulisimama mkono kiunoni mpaka mlio wa tela ukapotea bondeni. Kisha ukakaa chini ukalia, nami nikalia kwa sababu sikuwahi kukuona hivyo. Wakavuka mto. Yusta akajifungua salama.

Sasa nisikilize. Kazi yangu hapa mjini Morogoro ni kutunga maswali ya kupima programu za kompyuta zinazopanga kazi, kama ulivyokuwa ukipanga wewe. Programu unaipa hali ilivyo, masharti, na unakotaka kufika. Hatua inazitafuta yenyewe. Maswali tunayakusanya pamoja, na kila programu mpya hupewa yaleyale, ili tujue ipi ina akili na ipi inajisifu tu. Mengi ni ya kupanga maboksi na kupeleka vifurushi. Nikaongeza la tela lako, sharti la mkwe likiwemo, na nikaandika waziwazi kwamba mzigo uliosimama humficha mtu.

Programu zote tulizokuwa nazo zilikimbilia kushusha ndizi, kisha zikakwama kwenye sharti la mkwe. Mwenzangu wa kazini akasema, "Dada, hili halina jibu. Tulitoe."

Moyo ulinilipuka. Nikapanga vikombe vya chai mezani, nikasimamisha vitabu katikati, nikamwonyesha. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Nani alifikiria hivi?"

"Mama yangu," nikasema, na mama, sijawahi kulitamka neno hilo kwa fahari kama siku ile.

Swali limebaki, na linaitwa Tela la Mama Anjela. Juzi tumeletewa programu mpya, inasifiwa kila kona. Maboksi iliyamaliza, vifurushi ikavimaliza. Ilipofika kwako ikaanza kushusha ndizi. Nikajikuta nimesimama ofisini, mkono kiunoni, naikemea kwa sauti yako: "Ndizi zisiguswe!"

Pumzika, mama. Programu nyingine zikija nitakuletea habari zake.

Binti yako,
Anjela