Makosa Kumi na Moja Niliyoyaachia

Jumamosi, 2 Novemba 1963

Alfani mjukuu wangu amenipa kazi. Mimi, kikongwe ambaye sikukanyaga skuli hata siku moja! Jumatatu ya tarehe mbili mwezi ujao ana mtihani Mombasa, wa kuingia chuo kikuu cha Uingereza, kusomea udaktari. Waombaji wa ng'ambo wanapimwa somo kwa somo – Baiolojia asubuhi, Kemia mchana. Vitabu ni vya daktari Mzungu wa hapa Msambweni, naye anafunga mizigo. Uhuru unakuja, anarudi kwao, na vitabu vyake pia.

Kwa hiyo Alfani anasoma Kizungu, ananitafsiria, na mimi naandika swali na jibu kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba. Vitabu vikienda, nitamsikiliza kama chuoni kwa Kurani: mmoja anasema, mwingine ameshika kitabu. Nilimuuliza kwa nini asiandike mwenyewe. Akasema atachungulia majibu. Mwandiko wangu hawezi kuusoma – anasema ni nyayo za kaa.

Jumatano, 6 Novemba

Maswali mia na ishirini. Kidole kimevimba. Nimepasua kuku maisha yangu yote na sikujua figo ina kazi gani.

Jumamosi, 16 Novemba

Vitabu vimekwenda. Limebaki daftari langu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimefanya jambo baya.

Nilimuuliza: damu itokayo mapafuni huingia upande gani wa moyo? Akasema kulia. Daftari linasema kushoto. Alikuwa amechoka, macho mekundu, nikasema, "Vyema." Nilijiambia ni huruma. Si huruma. Nilipolisema hilo neno kifua changu kilipoa, kama mtu aliyeshushiwa mzigo wa kuni. Hapo nikajijua.

Akifeli, atabaki.

Ijumaa, 22 Novemba

Mengine mawili. Mishipa ya fahamu itokayo kichwani mwa mtu ni jozi ngapi? Akasema kumi. Kumi ni za chura, mtu ana kumi na mbili – niliandika mwenyewe. Na nyongo akasema inatengenezwa na kile kifuko chake. Ini ndilo! Hata bila daftari, hilo nalijua. Nikasema vyema, vyema. Kila nililoachia nimelitia nukta ya wino pembeni. Sijui kwa nini naweka nukta. Mwizi gani huyo anayehesabu.

Leo sikumaliza nyiradi zangu. Ulimi mzito.

Jumapili, 24 Novemba

Rispah amekuja, yule nesi wa bara aliyemtafutia Alfani fomu za mtihani. Akamtania: daktari gani huyu anayeogopa jongoo. Alfani naye akamjibu kwamba jongoo hatibiwi Uingereza. Tukacheka. Halafu Rispah akanigeukia, akasema nyanya, bila wewe huyu angekuwa bado anatangatanga, wewe ndiwe mwalimu wake. Alfani akanibusu mkono mbele ya mgeni.

Nikaenda jikoni kukuna nazi. Nazi ilikuwa imekwisha kukunwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Nukta kumi na moja. Saba za Baiolojia, nne za Kemia. Yale makosa sasa anayatamka upesi, bila kufikiri, kama Fatiha. Mimi ndiye niliyemhifadhisha.

Namlea tangu anatambaa. Nilimwona Mishi jirani yangu – mwanawe alikwenda Ulaya, na siku ya maziko ya mamake jeneza likabebwa na watoto wa wenzake. Hilo ndilo ninaloliogopa, basi. Ni kweli lakini si udhuru. Mtoto aliniwekea amana nami nimeila.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeshindwa kusema. Mara tatu nimemwita. Mara ya kwanza nikamuuliza kama kalamu zipo. Ya pili kama viatu vimepigwa rangi. Ya tatu akacheka, akasema, bibi, unaogopa kuliko mimi.

Jumatatu, 2 Desemba

Nilimwambia baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa anavaa viatu. Kimoja mguuni, kimoja mkononi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza, "Mangapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa kusahau?"

"Kwa kutaka."

Akakiweka kile kiatu chini polepole. Akakaa. Akasema, "Soma." Hakusema bibi.

Nikaanza na la moyo. Akasema kulia. Nimekwisha kumwambia ni kosa, na bado akasema kulia – limemkaa! Nikasema kushoto. Akarudia kushoto, kushoto, huku anajigonga kifua. Tukaenda hivyo hivyo mpaka la saba. Gari la Rispah, la kumpeleka Mombasa, likapiga honi. Akavaa kiatu, akatoka. Hakunipa mkono.

Yamebaki manne. Yote ya Kemia.

Nilikaa mlangoni. Halafu nikawaza: Kemia ni saa nane. Nikavaa buibui, nikachukua daftari, nikapanda basi la saa tatu. Likapata pancha Ukunda. Likakaa, likakaa. Utingo akanishauri nirudi nyumbani, ati Mombasa hakukimbii. Nikamwambia afunge nati.

Sasa niko Likoni, naandika nimesimama, daftari juu ya ukuta. Ni saa saba kasorobo. Feri iko ng'ambo, inajaza magari taratibu kana kwamba hakuna mtu mwenye haraka duniani. Nimemuuliza karani mmoja njia ya huo ukumbi wa mtihani. Akanitazama, akauliza kama ni mimi ninayetahiniwa. Nikamwambia ndiyo.

Sijui kama Alfani atanitazama usoni. Akinipa mgongo, nitausomea mgongo. Manne tu. La kwanza linaanza –

Feri imefika, minyororo yake inalia. Wanatuambia tusogee.