Vibao Alivyosoma Baba

Shangazi mpendwa,

Sijamwambia mtu mwingine: Jumamosi baba alifunga cherehani mapema, akatoka na mama kutembea mjini, nami nikawafuata nyuma kwa siri. Walipita madukani polepole, wameshikana mikono, baba akikaza macho na kusoma vibao kwa sauti.

“Duka la viatu,” alisema.

Lilikuwa duka la dawa.

“Umepatia, fundi wangu,” mama alimjibu akicheka, kisha akageuka pembeni na kufuta macho.

Tangu siku hiyo situlii, shangazi. Kila asubuhi, kabla baba hajaamka, natunga uzi kwenye sindano zake zote. Akiketi hushona tu. Hajauliza ni nani.

Tafadhali, mama asijue kwamba nimejua. Anadhani analificha jambo hili peke yake.

Mimi,
mtoto wa kaka yako