Mama Kope, Mikono Ipo

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, mke wangu, na nyumba yetu bado inafunga milango taratibu. Ulituzoesha mwenyewe. Kule maabara, mashine yako ya kupiga picha kwa elektroni haikutaka kishindo hata cha mtu anayepita koridoni, picha ingeharibika. Basi na nyumbani, ambako hakukuwa na mashine yoyote ila blenda, ukawa unatukemea: "Jamani, mlango nao una adabu zake!"

Kazi uliyoajiriwa ilikuwa kuchunguza protini za virusi, namna zinavyong'ang'ania kwenye njia ya hewa. Lakini moyo wako ulikuwa kwenye vile vinyweleo vidogo vinavyofagia vumbi na makohozi kutoka kifuani. Uliviita kope. Wanafunzi wako wakakupachika jina la Mama Kope, nasi nyumbani tukalidaka.

Sababu tuliijua. Kitinda mimba wetu alikohoa tangu kuzaliwa. Huyu akasema mafua, yule akasema pumu, mwalimu wake akasema anadeka ili akwepe michezo. Wewe ulikataa katakata. "Mwanangu hadanganyi. Kuna kitu humo ndani hakifagii."

Daktari alipompangusa kwa brashi ndogo ndani ya pua, ambamo kope hizo zimo pia, uliomba hicho kidogo kilichobaki. Ukakigandisha, ukakikata kwa kisu cha almasi vipande vyembamba mno, hata ulipotueleza tukadhani unatutania. Ukarudi na picha mbili: kope nzima, na kope ya binti yetu. Zote zilikuwa duara la vijibomba vilivyopangwa viwili viwili. Ila kwenye ile nzima kila jozi ilikuwa na vijikono vya kuisukuma, na kwenye ya binti yetu havikuwepo. Ulilia, kisha ukacheka, maana hatimaye ugonjwa ulikuwa na sura. Ukatuambia, "Kope zake hazina mikono. Basi mikono ni sisi."

Kila asubuhi ulimlaza kifudifudi mapajani pako, ukampigapiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa mpaka makohozi yatoke, huku ukimwimbia. Kuimba hukujaliwa, tuseme ukweli, lakini yeye alikuwa anaomba uendelee.

Dada yangu, wifi yako, aliikuta ile picha ya kope ya binti yetu kwenye ukuta wa jikoni akadhani ni mchoro wa kufuma. Akafuma kitambaa cha meza kizima! Ulipokiona ulicheka mpaka ukashika mbavu: "Wifi, umefuma kifua cha mtu!" Naye akanuna: "Ningejuaje? Mnatundika magonjwa ukutani kama maua!"

Ulipoondoka, niliogopa mikono yangu. Ni mikono ya seremala, mizito, imezoea nyundo. Asubuhi ya kwanza nilimgusa binti yetu kama nimeshika yai. Akanigeuzia uso: "Baba, piga. Sivunjiki." Nikapiga. Makohozi yakatoka, na machozi yangu pia.

Siku hizi mimi na kaka yake tunapokezana. Kaka yake huimba vibaya makusudi, ili kukuenzi. Mwaka mzima binti yetu hajalazwa hospitali, na tunajua ungetaka kusikia hilo kabla ya lingine lolote.

Wiki iliyopita wifi yako alikuja na sindano na uzi ili aongeze vijikono kwenye kile kitambaa, kiwe kizima kwa kumbukumbu yako. Binti yetu akakivuta kifuani. "Kiache hivyo hivyo, shangazi. Hiki ni mimi. Mama ndiye aliyeniona." Wifi yako, ambaye siku zote alisema hawezi kumpigapiga mgongo, anaogopa kumuumiza mtoto, aliweka sindano chini. Akakunja viganja, akaniuliza, "Naanzia wapi?"

Unakumbukwa na mumeo, mwanao wa kwanza, kitinda mimba wako, wifi yako mfumaji, na wanafunzi wako ambao mpaka leo wanapita kwenye ile korido kwa kunyata.

Pumzika bila wasiwasi, Mama Kope. Mikono ipo, na imeongezeka. Daima tutakukumbuka.