Chenga Kwenye Picha Yako

Kaka yangu mpendwa,

Juzi niliwasha tena ile runinga yako hapa mtaani Pioneer, nikaweka diski yako ya blu-ray, ile anime, katuni ya Kijapani ya zamani, uliyoisubiri miezi halafu ukaichukia ndani ya dakika tano. Jaladani waliandika kwamba picha imesafishwa upya. Siku ilipofika, ulipiga magoti mbele ya skrini, pua karibu iguse kioo.

"Sis, hii wameipiga pasi! Cheki nywele, zimekuwa plastiki."

Mimi niliona picha safi, nikakuambia unapenda tu kulalamika. Ukaleta DVD yako ya zamani, tukalinganisha sehemu moja. Kwenye DVD picha ilijaa chenga, vile vidoa vidogo vinavyochezacheza, na mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye blu-ray, msichana yuleyule alishika mwavuli na hakuna tone lililoanguka. Mashine ya kusafishia picha ilidhani mvua ni uchafu, ikaifuta. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Wewe hukucheka.

"Chenga si uchafu," ulisema. "Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Ukiona mahali zimeisha, jua kuna mtu amepagusa."

Uliniharibia macho, kaka. Tangu siku hiyo siwezi kutazama kitu kwa amani, na afadhali nisingejifunza.

Ulienda kazi ng'ambo, na mwezi wako wa pili huko simu zako zikakatika. Sasa imekuja video kutoka namba tusiyoijua. Unatabasamu, unasema uko sawa, kazi ni nyingi, nami nije, nitapokelewa airport. Mama ameicheza hadi majirani wameikariri. Siku alipoenda sokoni niliiweka kwenye runinga, nikapiga magoti kama wewe. Chenga ziko ukutani nyuma yako. Ziko kwenye shati, kwenye paji la uso, hata kwenye kovu la nyusi nililokuachia nilipokurushia rimoti. Mdomoni hakuna. Kuanzia chini ya pua hadi kidevuni, pamepigwa pasi.

Nimejiambia labda ni simu tu. Lakini simu hulainisha uso mzima, haichagui mdomo. Naogopa. Sijui ni nani anayeniita kwa mdomo wako, wala wewe amekufanya nini.

Pasipoti yangu imetoka wiki hii. Mama ameipeleka kanisani iombewe, na sweta zangu ameshazikunja kwenye begi. Siendi. Ila siwezi kumweleza kwa nini siendi bila kumweleza kuhusu wewe, na tangu video ije ameanza kumaliza chakula chake.

Kama maneno haya yatakufikia, usinitumie video nyingine. Nipigie, hata kama huwezi kuongea. Nitakujua kwa unavyopumua.

Nakuaga kwa leo, popote walipokuweka.

Dada yako mdogo, ambaye Jumapili hii ataitwa mbele ya kanisa lote ili aombewe safari ya kukufuata.