Nilijifanya mugonjwa

Mama Gracien weye, nimejiaibisha!

Shule ya wauguzi waliniita leo nijifanye mugonjwa wa tension, damu kupanda. Wanachunguza kama muuguzi akikaa chini na kuuliza polepole, mugonjwa anasema ukweli. Miye nilipewa uongo wangu: "Dawa niliisahau nyumbani." Basi.

Mwanafunzi mumoja, Fabiola, akakaa, akanishika mukono kama bibi yake: "Koko, dawa unakunywa kweli?"

Ule uongo ukapotea! Nikasema: "Hapana, zinanikojolesha mu kanisa. Nazificha mu kopo ya unga." Dawa zangu za kweli, za nyumbani! Na munganga wangu wa hospitali iko pale anaandika!

Fabiola amefaulu.

Halafu, polepole tena: "Koko, nani alikufundisha kuzificha?"

Nisamehe dada. Fabiola na munganga wako kwa pikipiki, wanakuja kwako. Toa kopo yako mu jikoni!