Usimuuze Silwal kwa Memori za Seva

Omera, ndugu yangu Ochieng',

Ni mimi dada yako Atieno, huku Ghuba. Mzima wa kiasi, ila vidole vinauma. Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Na binti yangu, bado anamaliza kikombe chake cha maziwa asubuhi? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijamaliza. Mwenzangu wa chumbani anarudi Kisumu kesho, atakupitishia barua hapo dukani kwako Otonglo.

Kazi ni ile ile. Tunafungua kompyuta kubwa za maofisi, hizi seva, tunatoa memori na kuzipanga kwenye masanduku. Mabati yake yana makali. Majuzi mwenzetu alikatika kidole, akafungwa kitambaa, akarudishwa kwao bila mshahara. Tangu siku hiyo nakula bila hamu.

Sasa nisikilize. Unataka kumuuza ng'ombe wetu Silwal ununue sanduku la memori za seva, uwauzie wenye kompyuta za mezani, eti ni kubwa na bei ni ya kutupa. Omera, bei ni ya kutupa kwa sababu zinatupwa. Mimi ndiye ninayezitupa.

Memori ya mezani huzungumza na kompyuta moja kwa moja. Ya seva haisemi bila jagam, kama mshenga wetu wa posa: ina kidude katikati kinachopokea kila neno kwanza. Kompyuta ya mezani haimjui jagam huyo. Tena ya seva ina kipande cha ziada cha kuangalia wenzake, mmoja akikosea anarekebishwa. Ya mezani ikikosea huendelea na kosa lake, kama wewe. Ubaya ni kwamba hizi za aina ya DDR4, za seva na za mezani, zinafanana mpaka pengo la chini. Itaingia, itabana vizuri, utafurahi. Ukiwasha, kioo kitabaki cheusi.

Silwal ndiye pekee aliyebaki katika ng'ombe wa mahari yangu, na baba wa mtoto wangu yuko kaburini. Najua mahari ya dada ndiyo humwoza kaka. Ukioa, mchukue, sitanung'unika. Lakini uoe mke, usioe sanduku. Mpaka siku hiyo, maziwa yake ni ya mtoto.

Nisalimie Mama, mjomba wetu anayemchunga Silwal, na jirani muuza omena anayemkalia Mama akiugua.

Nilikuwa nimeshaifunga barua, nikasikiliza sauti uliyonitumia: "Nyamera, dada yangu, usikasirike. Dhiang' yetu, Silwal, imeenda leo asubuhi, imechukuliwa na mtu wa Pap Onditi. Lakini hizi memori ni safi. Nimejaribu moja, imeingia kwa slot bila shida. Sasa nangoja tu stima irudi niwashe."

Nimekupigia, simu yako imezima. Nimepiga tena na tena. Barua naituma hivyo hivyo, maana sina nguvu ya kuandika nyingine. Utakapoisoma, stima itakuwa imesharudi.

Dada yako,
Atieno